Ukija Kupima Jengo Letu

Akiru mwanangu,

Sikuulizi hali kwa sababu nakuona. Umeketi pale mlangoni unakunja sweta, na mama yako amenuna kwa sababu tokeni za stima zimeisha kabla amalize kupiga nguo zako pasi. Sasa anapuliza makaa kwenye ile pasi ya zamani na kuniangalia kama mimi ndiye niliyekula stima. Nimekaa huku nje kando ya tangi la maji, jua halijazama, na kalamu ni ile uliyoniletea kutoka chuoni. Haya ningekuambia kwa mdomo, lakini najua ungenikatiza. Ungesema, "Anko, umeanza." Karatasi haikatizwi.

Mambo ya kula, ya kufua na ya kutolala na simu kwenye chaja kando ya kichwa, mama yako ameshakuambia na kesho atakuambia tena mpaka gari liondoke. Mimi nakuandikia ya kazi. Hiyo kazi unayoenda kuanza, ya kuzunguka maofisi ya serikali ukipima stima inapotelea wapi, naijua kuliko hao waliokuandika. Mimi nimelinda jengo la serikali hapa Isiolo tangu wewe ukibebwa mgongoni. Asubuhi nafungua milango, jioni nazima taa, na hakuna waya ndani ya zile kuta ambao haunijui.

Mama yako husema naongeza chumvi. Siongezi. Mimi hupunguza, ili watu waamini. Siku ile stima iliponipiga ilinirusha kutoka swichi ya ngazi mpaka mlango wa masjala, na wiki nzima nikishika balbu mkononi inawaka. Karani wetu Kanana, yule mama wa kutoka Meru, alinisimamisha kando ya meza yake siku stima ilipopotea, akamaliza faili zake. Muulize. Kwa hivyo sikiza mtu ambaye stima imepita ndani yake ikatoka.

Mimi naishuku hii kazi yenyewe. Walikuandikia maneno matamu sana, ati wamefurahishwa na uwezo wako. Watu hawafurahi haraka hivyo. Nyumba watakupa huko kwenye baridi, na gari litakuja kukuchukua mpaka hapa mlangoni. Mbuzi akiona analetewa majani mpaka mdomoni, anafaa kuuliza sherehe ni ya nani. Na yule dereva aliyepiga simu leo, kwa nini aliuliza mara mbili kama nyumba yetu iko karibu na barabara? Nitakuwa hapo kesho nimuangalie macho.

Lakini sikuandikii ili ukatae kwenda. Hapo ndipo nataka unisikize vizuri.

Nikiwa kijana kama wewe, walikuja watu wa mradi fulani kutafuta vijana wa kufundishwa ufundi wa stima. Jina langu lilisomwa la kwanza. Haikuwa ajabu, kwa sababu nilikuwa nimeacha shule darasa la sita baada ya mwalimu kuishiwa na vitu vya kunifunza. Nikawaangalia wale watu kutoka juu mpaka chini, na nilipofika kwa viatu nikasimama. Viatu vilikuwa safi. Kwa vumbi ya Isiolo, mtu mwenye viatu safi ni mtu ambaye hajafika, ama anaondoka sasa hivi. Nikasema huu ni mtego, watatupeleka mbali tukafanye kazi ya bure. Nikarudi kwa mbuzi, na njia nzima nikajisifu vile nimewashinda akili.

Aliyeenda mahali pangu ni Ekal. Ekal huyu unayemjua, ambaye alikuwa akiogopa hata beberu. Leo jengo letu likipata shida ya stima, anayeitwa ni Ekal. Anakuja na pikipiki yake na mkanda wa vifaa kiunoni, na mimi namshikia ngazi. Kila akipanda namwambia, "Kanyaga polepole, Ekal, hiyo ngazi ilikuwa yangu." Anacheka. Anafikiri ni mzaha.

Kushuku ni mbwa mzuri, Akiru. Lakini mbwa kazi yake ni kubweka langoni ili wewe utoke uangalie ni nani. Mimi nilimwachia mbwa aamue. Wewe shuku kila kitu, halafu panda gari.

Sasa jengo. Lile jengo letu lilichorwa na watu ambao hawajawahi kukaa Isiolo saa tisa mchana. Mbuzi wa mji huu, saa tisa, hulala upande wa mashariki wa nyumba, kwenye kivuli. Injinia akamweka bosi upande wa magharibi, nyuma ya kioo. Siku moja nilibandika mbavu za mbuzi kwenye chuma cha dirisha la ghorofa ya pili, bila makaa, zikaiva upande mmoja nikageuza. Ndipo wakaleta mashine za baridi, na mashine zikaleta vita.

Unajua vile Kanana alivyo. Ametoka milimani, anataka baridi ya kwao. Akiingia tu anabonyeza mpaka namba ya mwisho. Meza ya pili ni ya Dida, mtoto wa kutoka Kinna, ambaye damu yake imezoea jua. Saa nne Dida amevaa jaketi. Saa tano anafungua dirisha ili joto liingie limsaidie.

"Dida, funga hiyo dirisha. Unaniharibia baridi."

"Zima baridi, nifunge."

"Mimi nimezoea hivi."

"Na mimi nimezoea vile. Mama Kanana, hii ni ofisi ama ni buchari? Mbona tunawekwa kama nyama?"

Mashine inanguruma, dirisha liko wazi, na serikali inalipia ugomvi wa watu wawili. Watu wa kupima walikuja, wakaona, wakabandika karatasi ukutani: dirisha lifungwe. Basi likafungwa, na Dida akahamisha kiti chake kwenye korido, mlango ukikaa wazi siku nzima ili asikie simu yake. Baridi yote ikatoka kwa mlango. Kwa hivyo wewe ukikuta dirisha wazi na mashine inawaka, usikimbilie kulaumu dirisha. Uliza nani anaketi hapa, na nani anaketi pale, na kama wanaongea. Mimi ningewabadilisha meza tu. Nilisema hivyo, lakini nani husikiza mlinzi?

Halafu wakaleta macho.

Unayajua, yale meupe ya darini, kama nusu ya yai. Jicho likiona mtu anasonga, taa inawaka. Lisipoona mtu akisonga, taa inazima. Jengo zima lilishuku. Dida alisema yanaandika nani amelala kazini, na mwezi mzima alitikisa mguu chini ya meza kama mtu wa cherehani. Kanana alisema yanasikiza. Mimi nilikuwa na shuku yangu ambayo sikumwambia mtu. Kuzima taa ni kazi yangu. Kama sasa kuna jicho la kuzima taa, mimi ni wa nini?

Kumbe lililokuja kuharibika lilikuwa kubwa kuliko mimi.

Kuna ule ukumbi wa katikati, ule usio na dirisha, ambapo wazee husikilizwa mambo ya ardhi na visima. Siku hiyo alikuwa amekuja Mzee Halkano kutoka Sericho. Wewe unajua Sericho ni wapi. Mtu akitoka huko kuja mjini, hajaja kutembea. Kisima chao kilikuwa kimewekewa pampu na watu wengine, ngamia wao wakafukuzwa, na mzee ametumwa na ukoo mzima aseme. Akaingia, akatoa salaam aleikum, akaketi, akaweka fimbo katikati ya magoti. Akaanza. Na unajua mzee wa Kiborana akisema neno zito haongei kama mtu wa redio. Anasema, ananyamaza, neno linaenda linafika, ndipo anasema lingine. Wale wanaosikiza hawakohoi, hawajikuni, hawaangalii simu. Kusonga mzee akiwa ananena ni matusi. Hata bosi alikaa kama jiwe.

Mzee akasema, "Sasa nauliza serikali. Hayo maji ni ya nani?" Akanyamaza kungoja.

Taa ikazima.

Giza lilikuwa totoro. Nilisikia fimbo ikigonga sakafu, kiti kikisukumwa, na viatu vya mzee vikielekea mlangoni bila haraka. Nilimkimbilia na tochi mpaka nje.

"Mzee, ngoja. Ni taa tu."

"Taa ya nani?"

"Ya serikali."

"Basi nimejibiwa," akasema, na akaenda zake.

Watu walicheka ofisini wiki nzima. Mimi sikucheka. Mtu ameacha ngamia na kiu, amesafiri mpaka mwili unauma, na amenyamazishwa na nusu ya yai.

Nikafanya dawa yangu. Nilipanda ngazi, nikafunga utepe wa karatasi ya nailoni kwenye feni ya ukumbi. Feni ikizunguka, utepe unacheza, na jicho linafikiri kuna harusi. Taa haikuzima tena. Sikuficha. Mtu yeyote angeinua kichwa angeuona, na nilikuwa na jibu langu tayari. Hakuna aliyeinua kichwa mpaka wewe ulipokuja kwetu kufanya mazoezi ya kazi kutoka chuoni.

Siku yako ya kwanza. Hata chai hujanywa. Ukasimama katikati ya ukumbi, ukaangalia juu.

"Anko, hiyo nini?"

"Hiyo ni heshima ya wazee."

"Hii feni inawaka usiku?"

"Inawaka. Jicho halilali, utepe utalala vipi?"

"Jumapili pia?"

"Jumapili pia. Kwani Jumapili hakuna heshima?"

"Anko, huu utepe wako unakula stima kuliko kijiji chote cha Korbesa. Taa za ukumbi mzima na feni, mchana na usiku, na hakuna mtu ndani."

Ukapanda ngazi yangu, ukauvua mbele ya Dida na Kanana, ukaniwekea mkononi. Nilikasirika, Akiru. Ile jioni niliingia nyumbani sikukusalimu. Nilisema moyoni, tumemlea, tumemsomesha, sasa anakuja kunivua nguo kazini. Nikashuku chuo chenu kinafundisha kiburi.

Kesho yake ulirudi juu na bisibisi ndogo. Kwenye kiuno cha lile jicho kulikuwa na skrubu, ndogo kama punje ya mtama. Ukaizungusha kidogo. Ukashuka, ukaniambia, "Sasa litangoja. Lilikuwa limewekwa lisubiri dakika moja tu, kama la choo. Hapa wazee wanaongea, linafaa kuwa na subira."

Mimi, niliyekutana na simba langoni nikamwambia ofisi imefungwa rudi Jumatatu, na akarudi, nimeshindwa na punje ya mtama. Miezi yote ile nilikuwa nikilidanganya jicho, na lilikuwa tu linahitaji kuambiwa.

Lakini sikukuamini. Nilituma neno Sericho mara tatu ndipo Mzee Halkano akakubali kurudi. Alipoketi mimi nilisimama kwenye kona, na haki ya Mungu nilikuwa natamani taa izime. Nilitaka upatikane na makosa. Mzee alisema, akanyamaza. Akasema tena, akanyamaza zaidi ya mara ya kwanza, nafikiri alikuwa anaijaribu. Kila mtu kichwa chini lakini macho juu. Hakuna aliyesonga. Taa ikakaa. Mzee akainua uso, akaitazama vizuri, akasema, "Leo imesikia." Ndipo akauliza habari ya maji, na bosi hakuwa na giza la kujificha. Akajibu. Kisima kile leo kinanyweshwa kwa zamu, unajua.

Usiku taa za ukumbi zinazima zenyewe sasa. Nilitoka nje mara kadhaa kuangalia, nikidhani siku moja nitazikuta zimewaka, nikuletee hiyo habari kitandani. Sijazikuta.

Sasa nifike kwa kile kinanifanya nikuandikie.

Siku yako ya mwisho pale kwetu, Bwana Mwenda, bosi wetu, alikuita koridoni akakusifu. Mimi nilikuwa nimesimama na fagio. Akasema, "Akiru, umetufaa. Taa zinajizima. Sasa niambie, huyu Lopeyok atakuwa anafanya nini?" Akacheka. Dida akacheka kwa sababu bosi amecheka. Wewe ulikuwa na ile bisibisi mkononi. Uliizungusha, ukaangalia sakafu, na hukusema kitu.

Jioni tulirudi nyumbani kwa njia moja lakini sikutembea na wewe. Nilitembea nyuma. Tangu siku hiyo nimeubeba ule unyamavu kama jiwe kwenye kiatu. Nimewaza kwamba ulinionea aibu. Nimewaza kwamba ulijua jibu, na jibu ni hakuna kitu. Na Jumapili ulipotuambia mezani kwamba hao watu wako watazunguka kaunti zote, na Isiolo mtafika, mama yako alifurahi akaongeza mchuzi. Mimi nilisukuma sahani kando. Nikasema, mtoto wetu anakuja kuandika kwamba jengo halihitaji mlinzi wa taa.

Nimekaa na hiyo tangu Jumapili. Na leo, nikiangalia mama yako akipuliza yale makaa, imenijia shuku nyingine mbaya zaidi. Kwamba hutaandika hivyo. Kwamba utafika, utaniona nimesimama na kofia yangu, utanihurumia, na utaandika kitu kingine ili mjomba abaki na kazi.

Hiyo ndiyo inaniogopesha. Usinifanyie. Ile siku ulivua utepe wangu mbele ya watu, nilichukia, lakini usiku sikulala nikifikiria: huyu hapindi kipimo hata kwa mtu aliyemlea. Ukikipinda mara moja kwa ajili yangu, kesho kutakuwa na Bwana Mwenda mwingine, mahali pengine, mwenye viatu safi, atakuomba ukipinde kidogo kwa ajili yake, na wewe utakuwa umeshajua njia.

Kwa hivyo sikiza vile tutafanya.

Siku mtakayokuja, usiniite Anko mbele ya wenzako. Najua ni vibaya. Mtoto wa dada kumpita mjomba bila kumsalimu, kwa watu wetu hiyo ni laana, na kabla ufike ghorofa ya kwanza mama yako atakuwa ameshapigiwa simu. Huyo niachie mimi, nitamweleza. Wewe njoo kama mgeni. Useme, "Mzee, naomba ufunguo." Mimi nitakupa.

Ukishapima kila kitu, usiniache. Niulize kile Bwana Mwenda aliuliza, lakini wewe uulize bila kucheka: "Mzee, wewe unafanya nini hapa?" Nitakujibu. Nitakuambia nafunga madirisha ya Dida na mlango wa Kanana. Nachomoa birika za chai zinazoachwa zikichemka ofisini watu wakienda mazishi. Namkimbilia mzee akitoka gizani. Nashika ngazi. Uandike hivyo, usiongeze chumvi. Ya chumvi niachie mimi. Na wakubwa wakisoma hayo waseme bado jengo linaweza kukaa bila Lopeyok, basi liwe. Mbuzi wangu wapo, na hawana jicho darini.

Ule unyamavu wako sitakuuliza. Nimeushuku kwa kila upande na umebaki vilevile, nimechoka nao. Labda ulinyamaza kwa sababu ungesema mimi ni mjomba wako na wangesema unanipigania. Labda sivyo. Huo nimeuacha.

Mama yako ananiita nishike upande wa pili wa shuka tukunje. Barua hii nitaitia ndani ya ile sweta nzito ya chini kabisa, kwa sababu ukiipata leo utaanza kubishana. Utaipata siku baridi ya huko itakapokushika.

Kitu kimoja tu. Siku hiyo mkimaliza, na wenzako wameshaingia garini, ujifanye umesahau bisibisi. Urudi juu peke yako. Nitakuwa nimeketi kwenye ngazi, pale penye swichi, stima iliponipiga. Hapo ndipo utanisalimu.

Mjomba wako,
Lopeyok